Kula kwa Amani

Novemba 1944, vijana 36 wa Kimarekani walihamia katika vyumba vilivyokuwa chini ya uwanja wa michezo wa Chuo Kikuu cha Minnesota, wakijua kwamba watashindishwa njaa. Walikuja kwa hiari. Imani zao ziliwakataza kubeba silaha, lakini hawakutaka kukaa bure wakati dunia inaungua. Mtafiti Ancel Keys alipotangaza kwamba anahitaji watu wa kujitolea miili yao, wengi walijitokeza, na hao 36 wakachaguliwa kwa uimara wa mwili na akili. Keys alitaka kujua namna ya kuwarudishia afya mamilioni ya watu wa Ulaya waliodhoofishwa na vita.

Miezi mitatu ya kwanza walikula vizuri, takriban kalori 3,200 kwa siku. Kisha, kwa wiki 24, chakula kikakatwa hadi kama kalori 1,570: viazi, mkate, makaroni na mboga za mizizi, milo miwili tu kwa siku, na kila mmoja alitakiwa kutembea kilomita 35 kwa wiki. Uzito ulishuka kwa karibu robo. Hilo Keys alilitarajia, maana ndilo alilolipanga. Yaliyotokea vichwani mwao ndiyo yanayofanya jaribio hilo lisomwe mpaka leo.

Vijana waliokuja na hamu kubwa ya kujadili siasa na dini waliiacha mijadala hiyo. Kikabaki chakula. Walikusanya vitabu vya mapishi na kuvisoma kitandani. Walilamba sahani. Waliongeza maji kwenye supu ipate kuwa nyingi, wakauvuta mlo mdogo kwa muda mrefu, wakatafuna chingamu kutwa nzima. Walipotazama filamu, mapenzi ya wahusika yaliwapita, wakakumbuka walichokula. Hamu ya wanawake ilikufa, baridi ikawaingia hata siku za joto, hasira zikawa karibu. Wapo waliovunja masharti kwa siri kisha wakateswa na aibu. Na chakula kilipoanza kurudishwa, wapo waliokula mpaka tumbo likauma, na bado wakasema njaa haijaondoka. Watu hao hao, miezi michache nyuma, walikuwa wakila, wakishiba na kwenda zao. Matokeo yalichapishwa mwaka 1950 katika juzuu mbili nene zenye jina *The Biology of Human Starvation*.

Kiwango hicho cha kalori 1,570 kinafaa kutazamwa mara ya pili. Tayari mwaka 1918 daktari mmoja wa Los Angeles, Lulu Hunt Peters, alikuwa amewashauri wanawake wanaotaka kupungua wasizidi kalori 1,200 kwa siku, katika kitabu kilichouzwa kwa wingi mno Marekani. Nambari hiyo haijafa. Imo kwenye programu za simu na kwenye ratiba za mlo zinazopita katika makundi ya WhatsApp. Ni kweli kwamba wale wa Minnesota walikuwa wanaume vijana wanaotembea sana, na mwanamke mdogo wa umbo anahitaji chakula pungufu. Hata hivyo inasikitisha kwamba kiwango kilichotumika maabara kutengeneza njaa, au hata chini yake, kinauzwa mitandaoni kwa jina la nidhamu, na anayeshindwa kukifuata anaambiwa hana msimamo.

Biashara hii ina umri mrefu. Mwaka 1863 William Banting, mwandaa mazishi wa London, alichapa kijitabu kueleza jinsi alivyopungua kwa kuacha mkate, sukari, bia na viazi, na jina lake likawa maarufu kuliko kazi yake. Mwaka 1963 ikaanzishwa Weight Watchers mjini New York. Baada ya hapo imekuja supu ya kabichi, mwezi wa mayai, mwaka usio na wanga, na sasa, katika miji yetu, chai za kupunguza tumbo zinazouzwa na watu wasiomjua mnunuzi wala vipimo vyake vya figo. Mwaka 2007 Traci Mann na wenzake katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walipitia tafiti zilizowafuatilia watu kwa miaka kadhaa baada ya dayati. Waligundua kwamba kati ya theluthi moja na theluthi mbili ya watu hao walirudisha uzito wote walioupoteza na kuongeza mwingine juu yake. Ni bidhaa gani nyingine ambayo ikishindwa, lawama humwangukia mteja?

Mwili una sababu zake za kukataa. Mwaka 1994 maabara ya Jeffrey Friedman, New York, iligundua leptini, homoni inayotoka kwenye mafuta ya mwili na kuupa ubongo taarifa za akiba iliyopo. Miaka mitano baadaye watafiti wa Japani wakaigundua grelini, ambayo hutoka tumboni na kuamsha hamu ya kula. Akiba ikipungua, ya kwanza hushuka na ya pili hupanda. Watafiti wa Melbourne waliwaweka watu 50 kwenye mlo mdogo sana kwa wiki 10, na matokeo waliyoyachapisha 2011 yalionyesha kwamba mwaka mzima baadaye homoni hizo bado zilikuwa zikidai chakula. Mwaka 2016 yakaja matokeo ya washindani 14 wa shindano moja la televisheni la kupunguza uzito huko Marekani: miaka sita baada ya shindano, miili yao ikiwa imepumzika ilikuwa ikichoma karibu kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa umbo lao. Mwili haukujua kwamba kulikuwa na zawadi ya fedha. Ulijua kuna njaa, ukabana matumizi.

Upande wa akili nao una mtego wake. Mwaka 1975 Peter Herman na Deborah Mack waliwapa wanafunzi wa kike maziwa mazito ya sukari, kisha wakawawekea aiskrimu waonje kadiri wapendavyo. Wasiokuwa na mazoea ya kujibana walipokwisha kunywa maziwa walikula aiskrimu kidogo, kama mtu yeyote aliyekwisha kupata kitu tumboni. Waliozoea kujibana walifanya kinyume: waliokunywa maziwa walikula aiskrimu nyingi zaidi ya wenzao waliojibana ambao hawakunywa chochote. Sharti la siku lilikuwa limevunjika, kwa hiyo hapakuwa na cha kulinda tena. Yeyote aliyewahi kumaliza pakiti nzima ya biskuti usiku wa Jumapili kwa sababu dayati inaanza Jumatatu anaijua hesabu hiyo bila kusoma utafiti.

Afrika Mashariki imeingia katika mbio hizi kwa njia yake. Kwa miaka mingi, pwani na bara, mwili uliojaa ulikuwa habari njema. Bibi harusi alisifiwa kwa kunawiri, na mume aliyeota kitambi mwaka wa kwanza wa ndoa aliambiwa anatunzwa. Kisha ukaja ugonjwa. Mwaka 1985 jarida la *The Lancet* lilichapisha taarifa ya madaktari kuhusu maradhi mapya yaliyoonekana katika wilaya za Rakai na Masaka, Uganda, ambayo wananchi waliyaita Slim kwa jinsi yalivyowakondesha watu. Ulikuwa ni ukimwi. Katika miaka ile, aliyekonda kidogo tu kwa malaria au kwa mawazo alitazamwa kwa jicho la pembeni kila alikopita, na wengi walikula kwa bidii ili majirani wasinong'one. Watoto wa kizazi hicho leo ni watu wazima, na baadhi yao wanalipa fedha ili wakonde.

Mabadiliko ya namna hii yanaweza kuja kwa kasi ya kutisha. Huko Fiji, ambako mwili mnene ulipendwa na wageni walilishwa kwa fahari, televisheni ilifika mkoa wa Nadroga mwaka 1995. Mtafiti Anne Becker wa Harvard aliwahoji wasichana wa shule wakati inaingia, kisha akawahoji wasichana wa umri huo huo mwaka 1998. Mara ya kwanza hakupata hata mmoja aliyejitapisha ili kudhibiti uzito. Mara ya pili walikuwa zaidi ya asilimia 11. Miaka mitatu tu, na hiyo ilikuwa televisheni inayozimwa usiku, kabla ya simu inayolala chini ya mto.

Jambo moja lazima lisemwe waziwazi. Hakuna hata neno moja hapa linalomhusu mtu aliyeambiwa na daktari wake kwamba sukari yake imepanda, aache soda na apunguze wanga. Huyo afuate tiba yake. Nchini Tanzania, mjadala wa ulaji uliingia majumbani kwa sehemu kubwa kupitia Profesa Mohamed Janabi, bingwa wa moyo aliyeongoza Hospitali ya Taifa Muhimbili na ambaye mwaka 2025 alichaguliwa kuongoza Shirika la Afya Duniani Kanda ya Afrika. Onyo la madaktari kuhusu sukari nyingi lina msingi, na linaokoa maisha. Tatizo huanza pale ushauri wa daktari unapokatwa vipande vya sekunde chache, ukageuzwa sheria na watu wasio na taaluma, ukamfikia msichana wa miaka 15 mwenye afya tele anayeanza kuiogopa sahani ya wali. Wala hapazungumzwi hapa juu ya yule anayekula mlo mmoja kwa sababu hana wa pili. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na kumhubiria huyo habari za kusikiliza mwili ni kumkosea adabu.

Basi anayetaka kuwa na afya bila kugombana na chakula afanye nini? Mwaka 1995 wataalamu wawili wa lishe wa California, Evelyn Tribole na Elyse Resch, walichapisha kitabu *Intuitive Eating* baada ya kuchoka kuwaona wateja wao wakipungua, wakinenepa na kuona haya kurudi kliniki. Walipendekeza kanuni kumi, na uzito wa zote umo katika mambo machache. Kula unaposikia njaa ya kweli, kabla haijawa kali. Usikipe chakula chochote cheo cha haramu kwa sababu ya unene peke yake, maana kinachokatazwa ndicho kinachoota kichwani. Sikia ladha. Simama ukishiba. Na ukiwa na huzuni, jua kwamba chakula kinaweza kukuliwaza kidogo lakini hakitaitatua.

Wengi wakisikia hivyo huuliza: mtu akijiachia si atakula maandazi asubuhi mpaka jioni? Jibu la kale linatoka kwa daktari wa watoto Clara Davis, ambaye kuanzia mwaka 1926, Cleveland na baadaye Chicago, aliwaachia watoto 15 waliotoka kuachishwa ziwa wajichagulie chakula. Viliwekwa mbele yao vyakula vya asili katika vibakuli tofauti, kutoka orodha ya aina 34: nyama, ini, figo, samaki, mayai, maziwa, matunda, mboga na nafaka. Muuguzi alikaa na kijiko bila kushauri. Mtoto akinyoosha kidole, analishwa, asiponyoosha, anaachwa. Hakuna watoto wawili waliokula sawa. Wapo waliofungua kinywa kwa ini na juisi ya machungwa. Mmoja aliyekuja na matege aliyanywa mwenyewe mafuta ya ini la samaki yaliyowekwa karibu yake mpaka alipopona, kisha akayaacha. Wote walikua vizuri.

Lakini Davis alikuwa mkweli, na ukweli wake ndio unaopuuzwa na wanaomtaja kwa furaha: siri ilikuwa kwenye orodha. Sukari haikuwamo, wala cha kopo. Mwili huchagua vizuri pale unapowekewa vyakula vinavyostahili kuchaguliwa. Mwaka 2019 Kevin Hall wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani alionyesha upande wa pili wa jambo hilo. Watu wazima 20 walikaa mwezi mmoja katika wodi ya utafiti, wiki mbili wakila vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi na wiki mbili vyakula vya kawaida visivyosindikwa, wakiambiwa wale kadiri watakavyo. Katika zile za vyakula vya kiwandani walikula kama kalori 500 zaidi kila siku, wakala haraka zaidi, na uzito ukaongezeka kwa karibu kilo moja. Katika zile nyingine walipungua kiasi hicho hicho bila mtu kuwaambia wajibane. Kwa hiyo anayesema sikiliza mwili wako tu, kisha akanyamaza kuhusu soda na krispi zinazoning'inia katika kila kioski kuanzia lango la shule, amesema nusu.

Nchi iliyolielewa hili vizuri ni Brazil. Mwongozo wake wa chakula wa mwaka 2014, uliotokana kwa kiasi kikubwa na kazi ya Carlos Monteiro na wenzake wa Chuo Kikuu cha São Paulo, haumtaki mwananchi ahesabu kalori. Unamwambia apike au ale vilivyopikwa kutokana na vyakula vya asili, avikwepe vya kiwandani vilivyosindikwa kupita kiasi, kisha unaingia katika mambo ambayo miongozo mingi huona hayana maana: kula kwa nyakati zinazoeleweka, kula taratibu, kula mahali patulivu, kula na wenzako. Maharage na wali, chakula cha kila siku cha Mbrazili wa kawaida, vimo humo kwa heshima zote.

Msomaji wa Tanga au Lamu hatashangaa. Wali na maharage ya nazi, mchicha, samaki wa kuchoma na kachumbari yenye ndimu ni mlo ambao hauhitaji kuombewa radhi. Kisamvu kilichotwangwa na kuungwa karanga, dagaa, matembele, mlenda kwa ugali wa mtama: hivi ndivyo vinavyoachwa mtu anapoanza kupata fedha, kisha akinenepa kwa chipsi na soda anaambiwa atafute mbegu za ng'ambo zinazouzwa kwa bei ya kuku. Hapo kuna hasara mbili. Fedha imekwenda, na mtu amefundishwa kuuonea aibu mlo wa kwao, ambao haukuwa na kosa.

Adabu za kula nazo zina kazi yake. Kwenye sinia mtu ananawa, anaketi, anaanza kwa jina la Mungu, anakula kilicho mbele yake, haparamii vya wenzake. Mikono ni mingi, mazungumzo yapo, na chakula hakimezwi kwa pupa. Wanasaikolojia Paul Rozin na wenzake walipolinganisha Wafaransa na Wamarekani, waliwakuta Wafaransa wakikihusisha chakula zaidi na raha, na Wamarekani zaidi na hofu ya afya. Sahani za mikahawa ya Paris zilikuwa ndogo kuliko za Philadelphia, lakini hata ndani ya McDonald's mteja wa Paris alikaa wastani wa dakika 22, wa Philadelphia 14. Wanaokula kwa raha walikula kidogo na kwa muda mrefu. Raha ilikuwa upande wa kiasi.

Ramadhani inaonyesha jambo la karibu na hilo. Mfungaji hujinyima kutwa nzima, na bado futari haina aibu ndani yake: tende, uji wa pilipili manga, magimbi, tambi, majirani wakibadilishana mabakuli. Kufunga huko kuna nia, kuna saa ya kuanza na ya kumaliza, kuna jamii nzima pamoja, na mgonjwa na mjamzito wana ruhusa yao. Dayati haina magharibi. Anayejibana hukaa peke yake na mizani bafuni, na hakuna adhana itakayomwambia sasa inatosha, kula. Wanaofuturu kwa kupakia vya kukaanga mpaka kupumua kwa shida wapo pia, na mashekhe huwakanya kila mwaka, kwa haki.

Desturi zetu zina doa moja, nalo ni kubwa. Mwenyeji humlazimisha mgeni, mzazi humlazimisha mtoto. Maliza. Bado hujala. Unanikataa? Mtaalamu wa lishe Ellyn Satter wa Marekani amefundisha kwa miongo kadhaa mgawanyo mwepesi kukumbuka: mzazi aamue chakula gani, saa ngapi na wapi, mtoto aamue ale kiasi gani, na kama atakula. Mtoto anayelazimishwa kumaliza sahani kila siku hujifunza kwamba tumbo lake halisemi kweli. Kisha akifika miaka 14 akaanza kunenepa, mtu yule yule aliyemlazimisha ndiye anayemwita bonge mbele ya wageni.

Hapa kuna ushahidi mwingine kutoka chuo kile kile cha Minnesota. Dianne Neumark-Sztainer na wenzake waliwahoji maelfu ya vijana mwaka 1998 na 1999, na wakarudi kwao baada ya miaka mitano. Waliokuwa wakifanya dayati walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuwa na uzito uliozidi na ya kula kwa kupitiliza kuliko wenzao wasiofanya. Wasichana waliokula na familia zao mara tano au zaidi kwa wiki walielekea kuepukana na mbinu kali za kudhibiti uzito, kama kujitapisha na kunywa vidonge. Utani wa nyumbani kuhusu uzito uliacha alama mbaya.

Kwa hiyo msomaji anayetaka kuanza aanzie sebuleni kwake kabla ya dukani. Wiki hii kula angalau mlo mmoja na watu wa nyumbani, simu zikiwa mbali, chakula kikiwa kile mnachokipenda na kukijua. Mtoto akisema ameshiba, mwamini. Na ukikutana harusini na binti ya ndugu yako ambaye hamjaonana mwaka mzima, muulize habari za masomo, za marafiki, za kitabu anachosoma. Usimwambie amenenepa. Usimwambie amekonda. Mkaribishe pilau, akae karibu nawe, ale.